Chumvi ya Nyamizi

Zamani mfuaji aliyajua maji yake kwa ulimi. Siku hizi watu wanamwaga unga wa dukani mpaka povu linafika mlangoni, na kola inabaki nyeusi vilevile.

Nyamizi wa Kitete alikuwa wa zamani hizo. Mwaka 1951 yeye na mumewe Bundala walikuwa wakifua mashuka ya nyumba ya wageni karibu na stesheni. Walitumia maji ya mvua, sabuni ya mawese na chumvi ya Uvinza. Nyamizi alionja maji; ulimi ukishtuka kidogo, basi, chumvi imetosha. Kwa namna hiyo sabuni haba ilitosha kung'oa mafuta. Yoramu, karani wa stoo ya nyumba hiyo, aliposikia habari ya chumvi alisema wanaghushi, wanatia chumvi badala ya sabuni. Akataka maji yapimwe, na wakionekana wadanganyifu kazi ipewe wengine.

Akaitwa Hilari, mtunza maabara wa shule, na kipimo chake cha umeme.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hicho kidude kinafua?"

"Kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme."

"Ulimi wangu una miaka arobaini, haujaomba betri."

Bundala alicheka mpaka akakohoa.

Hilari alitia maji ya sabuni katika maji matupu, kijiko baada ya kijiko. Mshale ulipanda kwa hatua zilizo sawa. Kilipopita cha kumi, hatua zikafupika. Hapo ndipo chembe za sabuni huanza kujikusanya mafungumafungu na kuyakumbatia mafuta. Katika maji ya Nyamizi mshale ulianzia juu kwa sababu ya chumvi, lakini hatua zilifupika kwenye kijiko cha sita. Chumvi ilikuwa imeiwahisha sabuni.

Yoramu aliona tu mshale ulivyoanzia juu. "Chumvi tupu hiyo! Andika."

Fomu ilikuwa na nafasi ya namba moja. Hilari alijua namba ya mwanzo peke yake haisemi kitu. Alijua pia kwamba Yoramu na mkuu wa shule walikuwa wakila sahani moja. Akaiandika, akatia sahihi.

"Cha sita hukukiona?" Nyamizi aliuliza. Kumbe naye alikuwa akihesabu.

"Nilikiona, mama."

"Mbona hukuandika?"

Hilari alifunga sanduku lake.

Mwezi uliofuata, kazi ikiwa imekwisha pewa wengine, aliwaona stesheni, wakipanda behewa la daraja la tatu kwenda kulima kwa ndugu zao Kaliua. Bundala alimpungia mkono dirishani. Nyamizi alitazama upande wa pili mpaka treni ikaondoka, na Hilari hakuwaona tena.