Kengele ya Mzee Lugembe

Zamda binti Lugembe alikuwa anamenya viazi vitamu aliposikia kengele. Krre-kwe! Kisu kikamponyoka. Kengele zote za baiskeli hulia ngri-ngri. Iliyokwaruza koo namna ile ilikuwa moja tu, ya marehemu baba yake, na iliondoka kijijini kwao Tura na Pazi, Mzaramo wa genge la reli aliyekuwa mchumba wake. Alisema gari moshi limeshampita, akaiazima baiskeli awahi Tabora mjini kuwapokea wazee wake wanaoleta posa. Mpaka leo wazee hao wako njiani!

Na aibu? Usiniulize. Watu wa Tura walimwita mke wa vumbi. Hilo Zamda alilimeza. Lililomkwama ni la baba. Mzee Lugembe alirudia kwenda shamba kwa miguu, jembe begani, na kila kengele ikilia barabarani alisimama.

"Zamda, hebu sikiliza. Si yetu ile?"

"Si yetu, baba."

Mzee akafa na swali lake mdomoni. Zamda akahamia mtaa wa Gongoni, Tabora mjini, na chuki yake akahama nayo.

Siku hiyo ya viazi, vijana wa baiskeli waliotoka Kigoma, wakienda Dar es Salaam kuunga mkono Azimio la Arusha, walikuwa wamepewa mapumziko Tabora, na wanawake wa mtaa wameitwa kuwapikia kwenye uwanja wa shule. Huyu anafua, yule anaziba pancha, wengine wamelala chali, miguu imevimba. Kiongozi wao alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka sokoni. Akashuka kwenye baiskeli yenye kengele ile, akaweka shati sawa, akaanza kuhutubia juu ya kupe wanaonyonya jasho la wenzao. Pazi! Kanenepa, mwizi yule, wala hakumtambua Zamda.

"Nimrukie?" Zamda alimnong'oneza jirani yake, Mwanajuma.

"Ukimrukia utaitwa kichaa. Yeye si Mzaramo? Wewe si Mnyamwezi? Mtani wako huyo! Kamata mali yake, nani atakuzuia?"

Lo! Utani huu ni wa tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu mpaka pwani: mtani akikamata kitu chako, unacheka na kukikomboa, ukinuna, umeumbuka. Zamda akaenda moja kwa moja, akainyakua baiskeli, akaikalia.

"Wazaramo, nimekamata mali!"

Vigelegele vikapigwa, watu wakajaa. Pazi akacheka. Angefanya nini?

"Haya, mtani, naikomboa kwa jogoo."

"Jogoo kale mwenyewe. Nataka neno tu. Umeipata wapi?"

"Hii? Nimerithi kwa baba."

"Baba gani?"

"Baba yangu mzazi!"

"Ndiyo, mrithi. Ndani ya kengele mna nini?"

Pazi akababaika. "Mna... si mlio?"

Watu walivunjika mbavu. Zamda hakucheka.

"Mna kipande cha kijiko cha mama yangu. Springi ilikatika, baba akakata kijiko, akakichomeka humo. Fungueni!"

Kijana mmoja wa msafara akaleta bisibisi, akafungua. Kipande cha kijiko kikamwangukia kiganjani, kimeliwa na kutu. Kicheko kikakatika. Siku za mwizi ni arobaini, bwana, hata akipanda baiskeli. Pazi akamtazama tena yule mwanamke, na safari hii akamjua.

"Zamda... dada yangu, huu si utani tu?"

"Utani umekwisha uliposema baba. Kupe we! Umemnyonya mzee wangu mpaka kaburini, halafu unakuja kutufundisha kujitegemea? Haya, jitegemee!"

Hakuna aliyemtetea, hata vijana wake.

Kesho yake asubuhi msafara ukaondoka, kiongozi amepakiwa kwenye keria ya mwenzake kama gunia la karanga, miguu inaning'inia. Zamda alikuwa anawangoja njiani juu ya baiskeli, kengele imeshafungwa upya. Hakumtukana tena. Alimfuata nyuma tu, krre-kwe, krre-kwe, na kila ikilia Pazi aliinamisha kichwa. Wallahi, moyo wa Zamda ulikuwa mtamu siku ile, wala hakuuonea haya utamu huo. Akamlizia kengele masikioni mpaka nyumba za mwisho za mji, hapo akashuka, akawaacha waende.

Barabara ya Tura ilipokuwa kimya, akaipiga mara moja tena.

"Ni yetu, baba," alisema. "Hii ndiyo yetu."