Fulana ya Milioni Moja na Tatu

Mchungaji alipofika kwa mama mdogo, kule Kosele, alikuwa amevaa fulana yenye tarakimu saba kifuani: 1000003. Nyingine zilikuwa kwenye mfuko aliobeba, za kuuza. Milioni moja ni umati wa waaminio, alitueleza, tatu ni Utatu Mtakatifu, na namba nzima haigawanyiki. Nilikuwa nimetoka Migori asubuhi bila kula, lakini njaa iliniisha palepale.

Aliyemwalika ni shemeji wa mama mdogo, ndugu wa marehemu mumewe. Siku hiyo ukoo ulikuwa uamue kama binamu yangu, binti wa marehemu, aliyerudi nyumbani na watoto wake, atakatiwa kipande cha shamba la babake. Mama mdogo alikuwa amekubali. Shemeji hakutaka, ila hakutaka pia aonekane ndiye aliyekataa.

Kwetu firigisi ya kuku huliwa na mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote mezani. Akapewa mchungaji. Aliitafuna polepole, mafuta yakimteremka kidevuni, huku akifundisha kwamba kile ambacho Mungu amekataa kigawanywe, kiwe namba, kiwe shamba, mwanadamu asikiguse. Kisha akanigeukia.

"Omera, ndugu yangu, wewe umesoma hesabu chuo kikuu. Hii inagawanyika?"

Nikasema ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ukijaribu vigawanyo vyote hadi elfu moja ukakosa, umemaliza kazi, maana chochote kikubwa zaidi kingekuwa na mwenzake mdogo ambaye ungeshamwona. Wakapiga makofi. Nikaharakisha kuongeza kwamba huo si muujiza. Namba tasa hazina mwisho. Inayofuata ni 1000033. Na hii yao, ukiisoma kutoka nyuma, unapata 3000001, ambayo ni 853 mara 3517. Imegawanyika.

Mchungaji akajipangusa mdomo kwa kiganja. "Na nani amekutuma uisome kutoka nyuma? Biblia pia unaisoma kutoka nyuma?"

Wakacheka, hata wale niliodhani wako upande wetu. Mama mdogo hakucheka. Aliitazama ile fulana, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hawezi kushindana na jambo ambalo hata mtoto wa dadake, na masomo yake yote, amelikiri. Shemeji akaomba tufunge kwa sala.

Nilimkuta binamu yangu nyuma ya jiko akisugua sufuria kwa majivu. Nikamsimulia habari za 853 na 3517, nikiwatukana wote waliokuwa mezani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Sasa kama ingekuwa inagawanyika," akauliza, "wangenipa?"

Nikachungulia pembeni ya jiko. Kule mbele mchungaji alikuwa amefungua mfuko wake, na shemeji alikuwa akijipimia fulana kifuani.