Beseni la Petroli na Breki za Mama Kulwa

Saa moja na robo asubuhi niliripoti kwenye karakana ya pikipiki Igogo, nikiwa nimevaa ovaroli ya kuazima. Mkuu wa Karakana, mzee mfupi asiyependa maneno mengi, aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho.

"Unajua kufungua nati?"

"Najua, mzee."

"Kufungua hata mwizi anajua. Hapa tunalipwa kwa kufunga."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha. Kila kilichofunguliwa kiliingia kwenye beseni la petroli na kusuguliwa kwa brashi: gia, mnyororo, kabureta, breki. Hata vipuri vipya vya raba tulivichovya humo kabla ya kuvivika, ili viteleze. Ndivyo tulivyowakuta wakubwa wetu wakifanya.

Baadaye karakana ilifungua tawi Mirongo, nami nikapelekwa huko kuwa fundi wa breki, chini ya Msimamizi wa Tawi. Kwa kijana asiyeijua, breki ya diski hufanya kazi hivi. Ukibana mkono wa breki, pistoni iliyo ndani ya silinda kwenye usukani husukuma mafuta ya breki kupitia mpira hadi kwenye gurudumu, na pedi hubana diski. Kinachozuia mafuta yasivuje ni sili, raba ya duara inayovaa kwenye pistoni. Sili ikiharibika, mafuta hutoka, upepo huingia, na mkono wa breki huwa laini kama papai lililoiva.

Mama Kulwa alikuwa akinunua samaki aina ya sato mwaloni, kwenye soko la ufukweni, na kuwapeleka Bujora kwa pikipiki kuukuu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Aliiendesha mwenyewe. Siku moja alikuja akiisukuma. Mafuta ya breki yalikuwa yamechuruzika hadi kwenye tangi na kubandua rangi. Ilikuwa mara ya tatu kwa ubovu uleule.

"Fundi, hii ni breki au bomba la mtaani? Mbona haiishi kuvuja?"

Msimamizi aliikagua, akatikisa kichwa. "Mama, hapa sili hazisaidii tena. Nunua breki nzima, juu na chini. Laki moja na themanini."

"Hiyo ndiyo hela yangu ya samaki. Nikiitoa nitabeba nini, mawe?" Kisha akasema taratibu kwamba, kama ni hivyo, kesho ataiuza pikipiki kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na kurudi kulima vibarua.

Niliomba aiache mpaka asubuhi. Kuna jambo lilikuwa linanisumbua. Sili iliyochoka hulika ikawa nyembamba, lakini niliyoitoa kwenye pikipiki yake ilikuwa imenenepa. Nilichukua sili mbili mpya, moja nikaiweka kwenye kikombe cha petroli, nyingine kwenye kikombe cha mafuta ya breki, nikaenda nyumbani.

Asubuhi nilimpa Msimamizi zote mbili, akajaribu kuingiza ile ya petroli kwenye silinda. Ikagoma.

"Hii imeumwa na nyuki?" aliuliza.

Ile ya mafuta ya breki iliteleza yenyewe. Akawaita mafundi. "Kumbe petroli ndiyo inayovimbisha raba. Kuanzia leo sili haigusi beseni. Breki inaoshwa kwa mafuta ya breki. Anayebisha atashuka nayo mlima yeye mwenyewe."

Niliosha silinda upya na kuvika sili mpya. Kisha tukatoa upepo: Mama Kulwa, aliyekuwa amerudi, akibana mkono wa breki, mimi nikilegeza nati ndogo ya chini, mpaka mapovu yakaisha. Akaijaribu kwenye mteremko wa nyuma.

"Eh! Inashika kama mkwe anayedai ng'ombe!"

Nimestaafu kwa sababu ya mgongo. Nikipita Mirongo nawaona vijana wana spana nzuri kuliko zetu na wanajifunza kwa simu. Sina wasiwasi nao. Nawaomba jambo moja tu: kazi ikirudi mara ya tatu, usianze kwa kumlaumu mteja wala kipuri. Anza na kile unachokifanya kila siku bila kukifikiria.

Mama Kulwa hakuuza pikipiki. Siku ile alilipa elfu nane za sili, na Msimamizi akakataa kupokea hela ya ufundi. Zilizobaki alizifunga kwenye pindo la kanga, akapiga kiki, akashuka mwaloni kununua samaki: shilingi laki moja na elfu sabini na mbili.