Mfereji Nilioufukia Jeddah

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo ikinijia kichwani hata chai hainishuki. Nilikuwa kijana kama wewe, dereva wa lori la kifusi huko Jeddah, mwenye haraka na majivuno kidogo. Mdogo wangu Nekesa alikuwa mfanyakazi wa ndani katika jumba moja upande wa chini wa mji. Madam wake alimruhusu kutoka saa chache tu kila Ijumaa, nasi tulikuwa tukikutana mtaa wa Sharafiya, tunakula wali na kucheka habari za nyumbani. Siku hiyo bosi alinipa kazi ya asubuhi, na jalala lilikuwa mbali. Nikaona kwamba nikienda huko kila safari, Nekesa ataningoja mpaka muda wake uishe.

Karibu na tulipokuwa tukijenga palikuwa na wadi, bonde la mto ambalo huwa kavu karibu mwaka mzima. Ubavuni mwake ulitoka mfereji wa zamani uliojaa vichaka. Nikarudisha lori kinyumenyume, nikamwaga kifusi humo. Safari ya kwanza moyo ulinidunda. Safari ya tatu nilikuwa napiga mluzi.

Mlinzi wetu, mzee Wafula wa Budalang'i, akanijia taratibu.

"Kijana, hapo umeziba mahali maji hupumzikia."

"Mzee, hapa mafi maji, hakuna kabisa. Hili ni jangwa."

"Hata sisi kule kwenye mto Nzoia tulikuwa na majibu kama hayo. Tulifukia vijito vya kando tupande mahindi. Samaki ningu walikuwa wanapanda humo kutaga mayai, wakaisha. Halafu mto ukakosa pa kutanukia, ukaingia nyumbani kwangu. Toa hicho kifusi kabla mvua haijaja."

Nilimwitikia kwa adabu, maana mzee ni mzee, kisha nikaenda zangu Sharafiya. Nilijiambia nitakiondoa wiki ijayo.

Mvua haikungoja. Ilishuka siku ya tatu asubuhi, na kufika adhuhuri wadi lilikuwa linanguruma. Nikampigia Nekesa. Simu iliita, haikupokelewa. Nikapiga tena na tena, kisha haikuita kabisa. Chumba chake kilikuwa chini ya ardhi, mwanangu, na kidirisha chake kilikuwa usawa wa ardhi ya uani. Niliacha lori, nikaenda kwa miguu, maji yakanifika kiunoni. Sijui niliomba maneno gani. Najua niliona aibu hata kuomba.

Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya juu, amelowa, amemkumbatia mtoto wa madam. Alikuwa amerudi chini kumtafuta mtoto huyo, na mlango ulikuwa umeanza kukataa kufunguka.

"Kaka, majirani wanasema maji hayajawahi kupitia upande huu," akaniambia.

Nilijua yalikotoka. Nikamvua kitambaa kilicholowa kichwani, nikakikamua.

Sasa mimi ni mzee, naendesha mtambo hapa Riyadh, na mwajiri wetu ametuleta kufukua mifereji ya namna ileile kandokando ya wadi, ili maji ya mvua yapate pa kutawanyika na visamaki virudi kwenye vidimbwi. Umeviona mwenyewe. Jana nikakuona ukisukuma mawe kwenye mdomo wa mfereji tuliokwisha kuufungua, ili malori yakate njia kwenda mtaa wa Al-Sulay. Msimamizi alikuambia yalla, fanya haraka, ukatii. Tangu hapo kila nikiona wingu najikuta nimesimama.

Rudi asubuhi uyatoe. Msimamizi akifoka, mwambie ni mimi niliyekutuma. Ikama yangu, hiki kibali cha kuishi hapa, imezoea misukosuko. Njia ya maji usiizibe kwa sababu leo ni kavu, na usiseme utairekebisha wiki ijayo. Huko chini kuna mtoto wa watu amelala katika chumba ambacho hukijui, na kwao wanamtegemea.

Nekesa yuko hai, ana wajukuu. Kila mvua ikinyesha hunipigia simu kumshukuru Mungu kwamba nilimfikia siku ile. Hunishukuru na mimi. Miaka yote hii sijapata ujasiri wa kumwambia nani aliyeyaelekeza maji kwake.

Mungu akulinde, mwanangu, akurudishe mzima kwa mama yako. Na mvua ikinyesha akupe usingizi, kwa sababu mimi aliniondolea.