Mkataba wa Mwaka Mmoja

Kila asubuhi mwalimu mkuu husimama mlangoni pa shule, katika baridi ya Iowa inayokata masikio, akiwafunga watoto zipu za makoti. Huongea kwa sauti ya chini hata anapokaripia. Akiwa na wasiwasi husugua kidole gumba, na tangu bunge la jimbo lianze kujadili sheria mpya ya mikataba, karani wake Arlys amekiona kidole hicho kikichubuka.

Alasiri moja redio ya ofisini ilitangaza kwamba sheria imepita: walimu wakuu watapewa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na bodi ya shule itaweza kuukatisha bila kutoa sababu. Kabla mwalimu mkuu na Arlys hawajasemezana, simu ikalia. Alikuwa Bwana Hoekstra wa bodi, ambaye mwanawe alikuwa amesimamishwa masomo kwa kumvunja mwenzake pua. Sauti yake ilimfikia Arlys pale mezani kwake.

"Umeisikia redio, mama? Basi kesho kijana wangu arudi darasani."

Mwalimu mkuu alifumba macho. "Nimeisikia," akasema, taratibu kama kawaida yake. "Atarudi Jumatatu, na ataanza kwa kumwomba mwenzake radhi."

Akakata simu.

"Lo! Umejichimbia kaburi, mwenzangu," Arlys akasema.

"Huenda. Kahawa ipo?"

Ilikuwepo. Lakini mikono ilimtetemeka mwalimu mkuu hata kahawa ikamwagikia sketi, basi Arlys akamshikia kikombe mdomoni, akanywa funda kwa funda mpaka akamaliza.