Tonge la Kwanza

Matrida Clementi alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja katika nyumba ya kulelea watu wazima wenye ulemavu wa akili kule Bweri, na kama kuna kosa alilowahi kulifanya humo, alilifanya wiki ile Wegesa alipoletwa.

Wegesa alikuwa na miaka ishirini na mitatu, anajua maneno manne tu, na kwa siku mbili hakugusa chakula. Siku ya tatu Matrida alifanya vile mama yake alivyomfundisha kumfanyia mgeni anayeogopa chakula cha watu: akamega ugali, akachovya kwenye mchuzi wa sato, akala yeye kwanza mbele ya macho yake. Wegesa akala mpaka akaramba sahani. Matrida alifurahi kama mjinga. Tangu hapo, bila tonge hilo Wegesa hali, na Matrida, badala ya kumwachisha polepole, akaona raha kuhitajika. Hilo analijua sasa.

Mwaka huu mfadhili alijitoa, nyumba ikafungwa, kila mmoja akarudishwa kwa ndugu zake. Wegesa alichukuliwa na kaka yake Mugeta, mkulima wa Butiama. Matrida alimweleza habari ya tonge, akarudia mara tatu. Mugeta alisikiliza kwa heshima zote.

Wiki ya tatu Matrida akapigiwa simu kwamba Wegesa amekataa chakula, na asubuhi hiyohiyo akapanda gari kwenda Butiama. Alimkuta Wegesa ameegemea ukuta, mifupa ya mabega imechomoza, anaishi kwa ndizi anazomenya mwenyewe. Aliuliza kama walimwonjea. Mugeta si mtu mbaya. Angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi kumlaumu. Aliinamisha kichwa.

"Tunaonjeaga wageni, dada," alisema. "Huyu ni mtoto wa baba yangu. Nikimwonjea kwenye mji wa baba yake, si namwambia hapa siyo kwao?"

Matrida aliomba maji ya kunawa, akamega ugali, akala. Wegesa akamsogelea, akamaliza sahani nzima, akashika kanga ya Matrida kwa vidole vyenye mchuzi. Ghati, mke wa Mugeta, alitokwa machozi, akasema ubishi wameuacha, mchana wataonja wenyewe.

Mchana Mugeta alimega tonge la kwanza. Alikula mbele ya dada yake, akamsogezea sahani. Wegesa aliitazama, kisha akaisukuma taratibu hadi mbele ya Matrida. Ghati naye akajaribu. Sahani ikarudi palepale.

Miaka yote hiyo Matrida alidhani anamfundisha kuwaamini watu. Kumbe alimfundisha kumwamini mtu mmoja tu, na mtu huyo wiki ijayo anaanza kazi ya kupika shuleni Bunda, ana watoto watatu na chumba kimoja cha kupanga.

"Utakujaga?" Mugeta aliuliza.

"Jumapili," alisema, akaona aibu kwa udogo wa jibu lake.

Akamega tonge, akala. Wegesa akala. Matrida aliaga, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Jioni Ghati alimpigia simu. Wegesa amebeba sahani yake ya ugali, ameiweka mbele ya kigoda alichokalia Matrida, na amekaa chini kumsubiri. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.