Kwenda Kitale kwa Jina la Simiyu

Niliondoka kwetu, upande wa Bungoma, kwa sababu ya gego moja lililonivimbisha shavu hata ugali ukanishinda. Msimu wa kulima ulikuwa umekaribia, na mwenye kushika plau nyuma ya ng'ombe ni mimi. Mdogo wangu Simiyu, karani wa serikali, alikuwa na barua ya matibabu: daktari akimtibu yeye, mkewe au watoto wake, serikali inalipa. Kaka hakuandikwa. Wazazi wetu walipokufa niliacha shule darasa la nne ili yeye asome. Barua ile niliilimia mimi, lakini haikunijua.

"Utaingia kwa jina langu," Simiyu alisema. "Daktari atajuaje?"

Nilikubali kwa ajili ya maumivu. Hata hivyo, mkubwa kuitikia jina la mdogo wake ni jambo linalouma kuliko jino.

Asubuhi tulitoka kwa baiskeli yake. Yeye alikanyaga, mimi nikaketi kwenye keria kama gunia la mahindi. Kote njiani watu walimwamkia yeye: "Karani, habari ya ofisi?" Kimilili, mama muuza uji alimpa kikombe kwa mikono miwili, kisha akanitazama.

"Na huyu mgonjwa ni mfanyakazi wako?"

Simiyu alicheka. "Huyu ni kaka yangu, mama. Ndiye amenilea."

Alisema vizuri, ila nilimchukia kwa kucheka kwanza.

Jioni tulifika Kitale, tukalala kwa shangazi wa mke wake. Mama huyo alimpa Simiyu kitanda, mimi mkeka.

Kulipokucha tulianza kutafuta daktari. Mlango wa kwanza ulikuwa na bawabu aliyevaa kofia nyekundu.

"Hapa ni meno ya Wazungu," akasema.

"Tuna barua ya serikali," Simiyu akajibu.

"Basi mpeleke serikali mwenyewe, atang'olewa."

Fundi viatu mmoja alituelekeza kwa daktari Mhindi nyuma ya maduka, ambaye hupokea barua za makarani. Simiyu alibaki barazani. Mimi niliingia, nikaitwa Simiyu, nikaitika.

Daktari aliniketisha, akafungua mdomo wangu, akatazama barua, akatazama mdomo tena.

"Hapa serikali imeandika meno kamili, thelathini na mbili. Hii mbili ya mbele chini imekwenda wapi?"

Hatukuwa tumefikiria hilo. Simiyu alipoandikwa kazi alipimwa, na yeye ana meno yake yote. Mimi niling'olewa mawili nikiwa mtoto, kwa desturi yetu. Tumekula pamoja miaka yote tukasahau kwamba vinywa vyetu si kimoja.

Nikaona kazi ya Simiyu ikipotea. Nikasema, "Barua ni ya mdogo wangu. Nimemchukulia. Usimwandikie mkubwa wake wa kazi."

Daktari aliikunja ile barua. Kisha akamwita Simiyu, akamrudishia barua. "Hii ni yako peke yako. Kaka yako nitamtoa jino kwa pesa yenu, si ya serikali." Akanigeukia. "Nani alitoa hizi mbili? Kazi safi."

"Fundi wa kwetu. Baba alinipeleka. Alinipakata, akanishika kichwa mpaka yakaisha."

Simiyu alikuwa amesimama mlangoni. Alitoa pesa, akalipa. Hata hilo liliniuma, kwamba mfuko wenye kitu ulikuwa wake.

Gego lilitoka. Daktari alinijazia pamba, akaniambia nisiongee mpaka damu ikauke, nasi tukashika njia ya nyumbani.

Tulipokuwa kati ya mashamba ya Wazungu, Simiyu alisema bila kugeuka, "Nilikuwa mtoto wa mgongoni Baba alipokufa. Sijui hata mikono yake ilikuwaje." Akakanyaga kidogo. "Nikikuona ukicheka, bana, lile pengo lako nalionea wivu."

Sikujua. Kumbe mtu anaweza kulala na njaa ya cha mwenzake miaka mingi, na mwenzake naye vivyo hivyo, ndani ya nyumba moja.

"Ilikuwa mikono mikubwa?" akauliza.

Nilionyesha pamba kwa kidole. Damu ilikuwa imekwisha kukauka. Lakini kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho Simiyu hana, nikakikalia kwa kitambo. Tulipofika Kiminini nikatema pamba, nikaanza kumsimulia.